Dada Peni

Abiria wote walishakaa, na Omari dereva alishaliwasha basi na kulizima tena, lakini Penina alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshika bomba, macho yakiwa kwenye mlango wanakotokea wasafiri pale uwanja wa ndege wa KIA.

"Penina, tunangoja ndege gani tena?" Omari aliuliza bila kugeuka.

"Kuna mmoja wa ndege ya Kigali. Jina lake ninalo, yeye simwoni."

"Huyo keshabebwa na watu wa teksi. Saa hizi anapelekwa Moshi, anaambiwa ndiyo Arusha."

Waliokaa viti vya nyuma wakacheka. Mama mmoja mnene, aliyevaa dera la zambarau na kofia ya sufu, alisema yeye ana mgonjwa wa kumwona mjini, hakuja kungoja majina.

"Kidogo tu, mama yangu," Penina akamwambia kwa ile sauti yake ya kazini, laini hata anapokukatalia. "Ungeachwa wewe ugenini, si ungelia?"

"Mimi siachwi," mama akajibu, ila akaishusha kofia masikioni.

Ndipo mgeni akatokea. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe la mikono mifupi, viatu vya kahawia vilivyopigwa rangi vikameta. Mkononi hakuwa na kitu ila chupa ya maji. Nyuma yake walimfuata madereva teksi watatu, kila mmoja akimwita kaka. Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo uliotoka mlimani ulikata masikio.

"Samahani, dada. Hii basi inafika mjini?"

"Inafika, wenyewe wakikubali kupanda. Begi lako liko wapi?"

"Begi limekataa kuja. Limebaki njiani huko, ama limekwenda kutembea. Wanasema kesho."

"Na sweta limo ndani ya begi."

"Umejuaje?"

"Meno yako yananiambia."

Akacheka, akapanda, na akakaa kiti cha kwanza karibu na mlango, ambacho ni cha Penina tangu basi hilo lianze kazi.

"Hapo ni pangu."

"Kwetu Bujumbura, kiti cha mbele ni cha mgeni."

"Hapa si Bujumbura."

"Mwache akae," Omari akaingilia, akiingiza gia. "Mtu kaja bila begi, unataka na kiti akikose?"

Penina akakunjua kile kiti kidogo cha pembeni, akakaa kama kuku aliyenyang'anywa kiota. Lakini basi lilipoingia barabara kuu, akanyoosha mkono juu, akatoa shuka jekundu la Kimasai wanalowawekea wazee wa Kizungu, akamtupia mapajani. Mgeni akajifunika mpaka kidevuni. Akatazama nje, mashamba ya mahindi yaliyokauka yakipita, kisha mlima ukajitokeza upande wa kulia, umevaa wingu shingoni.

"Kwa hiyo ndiyo Kilimanjaro. Nimeupenda."

"Huo ni Meru. Kilimanjaro tumeuacha nyuma yako."

"Basi nimependa usio wenyewe."

"Wageni wote. Halafu wakishaambiwa, wanageuza shingo."

"Mimi sigeuzi," akasema, na wakati huo hakuwa akiutazama mlima.

Omari akakohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Jina lake lilikuwa Aniset. Alikuwa fundi wa mitambo ya kumenya na kuosha kahawa, ameitwa na kikundi cha wakulima wa mlimani, juu ya Makumira, kuwafungia mtambo mpya. Penina alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nywele amesuka mistari midogo, sweta la kazi la bluu, na shingoni kitambaa cha maua ya njano ambacho hakikuwa cha kazi. Aliacha shule kidato cha pili. Sasa alikuwa amepanga chumba mjini, mtaa wa Levolosi, akisoma masomo ya jioni, na neno jipya akilipata alilitumia siku hiyo hiyo kabla halijapoa.

Walipofika Mnara wa Saa, katikati ya mji, kila abiria alijua pa kwenda isipokuwa mmoja. Penina akamweleza gari la kwenda Elerai alikopangiwa chumba, akamwandikia namba kiganjani ili apige kuulizia begi lake.

"Hii ni namba ya kampuni?"

"Ni yangu. Ya kampuni haipokelewi."

* * *

Begi lilikuja kesho yake, likiwa limechanika pembe moja, na Penina ndiye aliyelileta mjini kwa basi. Baada ya hapo hapakuwa tena na begi la kusingizia, lakini simu hazikukoma.

"Umekula?"

"Aniset, ni saa nne asubuhi. Niko kazini."

"Sikuuliza uko wapi, mukunzi wanje. Nimeuliza kama umekula."

Mukunzi wanje ni neno la kwao la kumwita mpenzi. Mara ya kwanza alipolisikia, Penina alidhani anatukanwa. Mara ya pili alimtaka alirudie, eti mtandao unakatakata.

Jioni walikutana Levolosi, kwenye mgahawa wa mama mmoja anayepika mtori mzito wa ndizi na nyama. Aniset alikula huku simu ikiwa mezani, maana kila siku ilipoingia magharibi alimpigia bibi yake aliyemlea, kikongwe asiyeona, kule mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Penina alipewa simu amsalimie. Bibi akauliza kwa Kiswahili cha zamani: "Mwanangu, wewe ni mnene?" Penina akasema wastani. Bibi akasema wastani si jibu.

Jumapili moja Penina alimpandisha nyumbani kwao mlimani, baada ya ibada, kama mgeni tu wa kazini. Nyumba ya bati jekundu katikati ya migomba na kahawa, ua umefagiwa ukaacha mistari ya ufagio. Baba yake, Mzee Kundaeli, mzee wa kanisa mwenye koti la kijivu lisilovuliwa hata kwenye jua, alimpokea kwa mikono miwili kwa sababu ya ule mtambo wa kikundi chao. Mama yake alileta loshoro, mahindi ya maziwa mgando, kwenye bakuli kubwa. Na nyuma ya mama akaja msichana wa miaka sita, gauni la Jumapili lenye mkanda uliofungwa upinde, akamrukia Penina kiunoni.

"Dada Peni, umeniletea nini?"

Aniset akainama usawa wa mtoto. "Na huyu mrembo ni nani?"

"Esther," Penina akasema. "Mdogo wangu. Wa mwisho."

Katika nyumba ile, hilo halikuwa uongo. Penina alimzaa Esther akiwa na miaka kumi na minane, na kijana wa watu aliyehusika hakuleta mshenga, hakuleta hata mbuzi wa kuomba radhi. Mzee Kundaeli alikaa na ndugu zake, akatamka kwamba mtoto aliyezaliwa kwenye boma lake bila mahari ni wa boma lake. Akampa mtoto jina la mama yake yeye mwenyewe, na tangu hapo alimwita hivyo hivyo: mama. Mtoto akakua akimwita babu yake baba, na bibi yake mama, na yule aliyemnyonyesha akamwita dada. Hakuna aliyekaa chini kupanga kumdanganya. Ilikuwa desturi tu, ikapita juu ya Penina kama jembe linavyopita juu ya nyasi.

Alikusudia kumweleza Aniset wakishuka. Halafu akakusudia kumweleza Jumatano. Jumatano yenyewe, mbele ya mtori, Aniset ndiye aliyeanza kusema.

"Bibi yangu alikuwa na binti aliyekaa nyumba ya pili. Mimi nilimwita shangazi. Alikuwa ananipa maandazi, ananishonea suruali. Alipokufa, siku ya kumzika, mzee mmoja akanishika bega akasema, pole kwa kufiwa na mama. Nikadhani amechanganya." Akazungusha kijiko. "Mtaa mzima ulijua, Penina. Muuza mkaa alijua. Mimi tu ndiye sikujua."

Penina aliuona mvuke wa mtori ukipanda. "Walikuwa na sababu yao, pengine."

"Kila mtu ana sababu. Ila mtoto hukaa katikati ya sababu za watu kama mjinga."

"Angekuambia akiwa hai, ungemfanya nini?"

"Ningemwita mama. Hata mara moja."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Penina alijua hivyo, kama unavyojua kituo chako kimefika na miguu haitaki kuinuka. Akasema mtori umepoa, aongezewe.

* * *

Mtambo ulikwisha kufungwa wakati wa mavuno. Kahawa nyekundu ziliingia upande huu, zikatoka upande wa pili zimevuliwa ganda, na kina mama wakapiga vigelegele. Siku hiyo hiyo, mikono bado ina grisi, Aniset alimwambia Penina kwamba kazi yake imekwisha na kibali chake cha kazi kinaelekea kwisha, na kwamba hataki kurudi peke yake.

"Unanioa au unanipa taarifa?"

"Nakuoa. Taarifa ni kwa baba yako."

Lakini hakuwa na ndugu Arusha, na posa haiendi bila watu. Omari akajitolea.

"Mimi nitakuwa mshenga. Nina kanzu, nina maneno."

"Baba yangu ni mzee wa kanisa, Kaka Omari."

"Na mimi ni mzee wa usukani. Tutaelewana."

Kosa lilikuwa moja, na Omari alilifanya kwa nia njema. Kwa watu wa mlimani, siku ya kwanza muoaji hakanyagi. Wanakwenda wazee. Maneno ya siku ile huwa mabichi. Wazee huyabeba, wakayapika njiani, wakamfikishia kijana yaliyoiva. Omari, ambaye babu zake walitoka Pangani, aliona kwamba mgeni asiye na ukoo akijificha atadhaniwa mkimbizi wa kesi. Akamchukua Aniset, akamvalisha koti lake mwenyewe, lililomfika juu kidogo ya vifundo vya mikono, akamkalisha sebuleni kwa Mzee Kundaeli.

Penina alikuwa jikoni na mama yake. Moshi ulimpa kisingizio cha macho.

"Shikamoo, mzee wangu," alimsikia Omari.

"Marahaba. Karibuni. Leo mmekuja wawili." Sauti ya Mzee ilitua kwenye neno wawili, lakini adabu haikumruhusu kumtoa mgeni nje.

"Mzee, sisi ni wapita njia. Tumepita tukaona zizini kwako pana mtamba mzuri, macho yakakataa kuendelea na safari."

Akasikika Mzee akivuta tumbaku ya puani.

"Mwanangu," Mzee akasema, "mtamba ni yule ambaye hajazaa. Mimi kanisani nasimama mbele za watu, siwezi kupokea posa kwa jina lisilo lake. Mliyemwona ni ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Mkielewana na mimi, ng'ombe mtamchukua. Ndama anabaki."

Penina aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Hilo linajulikana, mzee," Omari akasema haraka, maana yeye alilijua siku nyingi na alidhani mwenzake analijua.

"Samahani, baba." Ilikuwa sauti ya Aniset, ya chini. "Ndama yupi?"

Mzee Kundaeli hakuwahi kumficha mtu aliyemwuliza. Hakumwona aliyekuwa anaingia kwa mlango wa nyuma yake na sinia la vikombe. "Esther. Penina alimzaa akiwa shuleni. Hakuletewa hata mbuzi. Kwa hiyo ni mtoto wangu, na jina ni la mama yangu."

Esther alifika mezani. Akaviteremsha vikombe kimoja kimoja, kwa uangalifu, mpini upande wa kulia kama alivyofundishwa. Akavipanga vyote, hata cha Penina ambaye hakuwepo. Kisha akabaki ameshika sinia tupu kifuani.

Penina alikwisha kufika mlangoni. Aniset alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akarudi kwake.

"Mdogo wako," akasema. Akasimama, akampa Mzee mikono yote miwili, akatoka nje akashika njia ya migombani, mikono mirefu ikining'inia kwenye koti fupi la watu.

Omari alimfuata mbio, kanzu ameikunja mkononi.

Sebuleni mtoto akauliza, "Dada, mimi ni wa nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Penina. Lilikuwa fupi, lilikuwa lake, alikuwa amelibeba miaka sita. Akamtazama baba yake. Mzee akamshika mtoto kichwa.

"Wewe ni wa hapa, mama. Kawape kuku maji."

Na Penina akalimeza.

* * *

Penina alimpigia Aniset simu mpaka betri ikafa. Haipatikani. Akaandika, akafuta, akaandika. Baada ya muda ukaja ujumbe: *Sina hasira na wewe. Nimekosa tu neno la kusema.* Alisoma hayo maneno kwenye basi, kwenye foleni ya maji pale Levolosi, darasani wakati mwalimu anafundisha historia, na kila mara aliyakuta vilevile.

"Nipige, Penina," Omari alimwambia asubuhi moja, wakifuta vioo. "Nipige yaishe."

"Hujanikosea wewe."

"Nimepanda tena kwa baba yako. Nimemwomba akupe na mtoto. Unajua ameniambia nini? Ati, 'Mnataka mama yangu aende Burundi?' Nikakosa jibu. Mimi, Omari."

La Burundi lilimwuma, lakini kulikuwa na lililomwuma zaidi. Jumapili alipopanda nyumbani, Esther hakuja kumrukia kiunoni. Alimsalimia toka mbali, akajificha kwenye sketi ya bibi yake. Penina alimletea mkate wa maziwa, mtoto akaupokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama unavyopokea kwa mtu usiyemfahamu.

"Muache," mama yake Penina alisema kwa Kimeru, akichambua maharage. "Mtoto husahau."

"Mimi sitaki asahau, mama."

"Basi unataka nini?"

Penina akamuaga mwanamke aliyemlea mwanawe kwa miaka sita na kuamka naye kila alipokohoa. Alishuka mlima na ukungu, miguu ikijiendea yenyewe. Alikuwa amepoteza wawili kwa neno moja, na neno lenyewe hata hakulitunga yeye.

* * *

Siku ya safari yake Aniset angeweza kupanda teksi. Alikuja kwenye basi. Begi lilelile, pembe imeshonwa kwa uzi mweusi. Sweta la kijivu alilonunua mjini. Basi lilikuwa na abiria wachache, Wazungu watatu waliolala na miguu yao ya vumbi, na Aniset akakaa kiti cha mbele. Safari hii Penina hakubisha.

Walipita Tengeru. Omari aliongeza sauti ya redio, ili wajue hasikii.

"Umekonda," Aniset akasema.

"Wastani."

Akataka kucheka, ikashindikana. "Sikukasirika kwamba umezaa. Nataka ulijue hilo. Ungeniambia una watano ningetafuta gari kubwa."

"Najua."

"Ni lile neno, mdogo wangu. Ulilisema vizuri sana, Penina. Hukujikwaa. Nikawaza, hivyo hivyo ndivyo shangazi alivyokuwa akisema, mtoto wa kaka yangu. Na jioni ile nikakueleza habari zangu zote, ukaniongezea mtori."

"Niliogopa."

"Mimi?"

"Wewe, baba, kila mtu. Zaidi nilimwogopa yeye. Atanitazamaje?" Akakisokota kile kitambaa cha njano. "Sasa najua atanitazamaje. Ananipigia goti."

Aniset akanyoosha mkono wake, akauweka juu ya wake. Ulikuwa na kovu jipya la mtambo.

"Ningeweza kubaki ningebaki. Kibali kimekwisha, na bibi hana mwingine wa kumshika mkono. Njoo wewe. Leo huwezi, njoo mwezi ujao. Baba yako amekubali utoke, Omari ameniambia. Mtoto tutampigania tukiwa pamoja kule."

Hayo ndiyo maneno aliyoyaomba usiku na mchana, na sasa yalikuwa hapa, yamekaa kiti cha mbele. Nje, Usa River ilipita na maua yake ya kuuza kando ya barabara. Penina alisubiri moyo wake uruke. Haukuruka.

"Esther anajua mimi ni dada yake," akasema polepole. "Dada huolewa akaenda zake, watu wakampigia vigelegele. Hakuna anayemlaumu. Mama ndiye haendi. Nikipanda ndege yako, Aniset, nitakuwa nimemjibu swali lake. Nitakuwa nimemwambia kweli nilikuwa dada tu."

Wakakata kona ya kuelekea uwanjani.

"Mama yangu naye alibaki karibu," Aniset akasema. "Nyumba ya pili. Maisha yake yote."

"Lakini hakusema."

"Hakusema."

"Mimi nitasema."

"Lini?"

"Usiniulize kwa sauti hiyo. Nitasema."

Basi likasimama. Omari alishuka kutoa mizigo ya Wazungu, akaitoa taratibu kuliko siku zote. Mlangoni, pale pale aliposimama siku ya kwanza akimngoja mtu asiyemjua, Penina alimfunga Aniset kola ya sweta, kama mke anavyomfunga mume anayekwenda kazini.

"Nikuahidi kitu?" akauliza Aniset.

"Usiniahidi. Nitakuamini."

Akamshika uso kwa mikono miwili mbele ya madereva teksi, na kwa mara ya kwanza hao hawakumwita mtu kaka. "Mukunzi wanje," akasema. Kisha akaenda, na mlango wa kioo ukamfunika.

Penina akarudi ndani ya basi. Kulikuwa na abiria wapya wa kupokea, mwanamke mzee kutoka nchi ya mbali aliyeuliza kama hili ndilo basi la mjini. "Ndilo, mama," akamwambia, akamwonesha kiti cha mbele.

* * *

Simu ya Bujumbura ilimkuta Penina Jumapili, yuko njiani anapanda mlima, viatu vya ibada mkononi.

"Nimefika. Bibi anakusalimu. Anauliza tena kama wewe ni mnene."

"Mwambie nimepungua."

"Atalia. Umemwambia Esther?"

"Ndiyo naenda."

"Penina. Hata akikukasirikia..."

"Kata simu, mpenzi. Nikiendelea kukusikia nitageuka nirudi."

Alimkuta Esther nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gogo, anamenya maharage mabichi peke yake. Baba yao alikuwa bado kanisani. Mama yake Penina alikuwa jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Penina aliliona, akaliacha. Akakaa chini, kwenye majani, chini ya usawa wa mtoto.

Hakuanza na hadithi. Alisema, "Esther, siku ile uliniuliza swali nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nilikuwa mdogo, nikawaachia wakubwa wanisemee. Nilikunyonyesha kwenye chumba kile. Sikukuambia, na nilikosea."

Ganda moja la maharage lilipasuka. Jikoni sufuria zilikuwa zimeacha kugongana.

"Yule mjomba mrefu amekwenda wapi?"

"Kwao."

"Si ulitaka kwenda naye?"

"Nilitaka sana."

"Kwa nini hukwenda?"

Penina aliona mtego uliokuwa kwenye swali hilo, kwamba akijibu vibaya mtoto atabeba mzigo wa safari ambayo haikufanyika. "Kwa sababu nilitaka zaidi kukaa hapa," akasema. Ilikuwa kweli, na ilimuuma kama kweli.

Esther akashuka kwenye gogo, akaenda zake ndani. Penina akabaki na bakuli la maharage. Alimenya moja, la pili, akawaza kwamba huku nyuma ndege imekwenda na huku mbele mlango umefungwa, na kwamba pengine mtu anaweza kusema ukweli wote akabaki hana kitu. Mawingu yalishuka mpaka kwenye migomba ya juu. Aliwaza kuinuka aende.

Kisha akasikia miguu midogo. Mtoto alikuwa amerudi na sweta lake la shule la kijani, na kwenye kiganja kingine kifungo, na sindano iliyotungwa uzi. Kazi hizo siku zote alimpelekea bibi yake. Akasimama mbele ya Penina, hakupiga goti.

"Kimetoka," akasema. "Nishonee."

Hakumwita dada. Penina alingoja kidogo, lakini hakumwita kitu kingine pia. Basi akalipokea sweta, akalitandaza mapajani, akaanza kushona, na Esther akakaa kwenye majani kando yake akimtazama mikono.